Masika ya Ufunguo Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta kwenye semina. Bango lilisema semina, kwa kweli tulisukumwa kwenye stoo ya maboksi, tukakalia trei za mayai zilizopinduliwa, na mtaalamu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta ya kupikia akatuuliza, "Nani mwenye kiwanda hiki?"

Tukamnyooshea kidole Tajiri, aliyekaa mbele kwenye kiti pekee.

"La!" akasema mtaalamu. "Mwenye kiwanda ni wewe. Na wewe. Na wewe!"

Mama Pacha, ambaye huwapanga vifaranga kwenye maboksi na kuwakabidhi kwa wateja, akaninong'oneza, "Basi mimi sehemu yangu naiuza leo leo."

Nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Lakini nisijidanganye humu: yale maneno yaliniingia. Nina miaka sita kwenye kiwanda hiki cha kutotolesha vifaranga. Nimesomea mifugo, cheti changu kimo kwenye fremu sebuleni. Na kwa miaka yote hiyo, hata balbu ikiungua namwambia Hewala, Hewala anampelekea meneja, meneja anampelekea Tajiri, na jibu likirudi kifaranga ameshakuwa kitoweo. Hewala ni msimamizi wetu. Jina lake halisi lipo kwenye karatasi za mishahara tu, sisi tulimbatiza hivyo kwa kuwa hata ukimwambia jua limechomoza magharibi atajibu, "Hewala."

Leo Meneja mpya, mwanamama mwenye sauti nzuri, alisimama akatangaza: kuanzia sasa mambo ya zamu yataamuliwa na kiongozi wa zamu, bila kuuliza mtu. Kiongozi wa zamu ya mchana ni mimi. Watu wakapiga makofi. Tukagawiwa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani NAAMUA.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeivaa makusudi. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akaitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na mshahara?"

"Hawakusema."

"Basi wamekupa fulana."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Mwache mke wako. Fulana nayo ni nguo."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimebadilisha balbu bila kumuuliza mtu. Nilitazama nyuma mara mbili, kama mwizi.

Ijumaa, 8 Machi

Wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo pale. Nimepanga upya zamu za kula, maana watu walikuwa wakila wote kwa pamoja na mashine zikibaki peke yake kama mayatima. Nimehamisha meza ya kuchanjia ikae karibu na dirisha, palipo na mwanga. Hayo nimeyawaza miaka mitatu. Yamechukua asubuhi moja.

Nimerudi nyumbani miguu inauma lakini sijachoka. Ni vitu viwili tofauti, sikujua. Mama mkwe kaniuliza kama nimeokota pesa.

Jumatano, 13 Machi

Leo limekuja gari la mayai kutoka kwa mfugaji ambaye ni shemeji yake Tajiri. Nilifungua trei ya kwanza: mayai yana kinyesi, yamelowa mvua, mengine yana nyufa za kuonekana kwa macho. Yai lililolowa na uchafu juu yake huingiza vijidudu ndani, kisha hupasukia ndani ya mashine na kuoza, na uozo wake unawaambukiza majirani. Nikafungua trei ya pili. Ya tatu. Yale yale.

Nikamwambia dereva, "Rudi nayo."

Dereva akacheka. "Dada, haya ni ya shemeji."

"Yangekuwa ya shemeji yangu pia yangerudi."

Hewala akanivuta pembeni. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, "Mwanangu, mengine tunayapokea tu. Hewala haigombi."

"Mzee wangu," nikamjibu, "wewe umepokea mpaka mgongo umepinda."

Sikutakiwa kusema hivyo kwa mtu wa umri wake. Lakini nilikuwa na fulana mwilini na watu walikuwa wananitazama. Gari likarudi na mzigo wake. Mama Pacha alinipigia kigelegele kidogo cha pembeni ya mdomo.

Alhamisi, 14 Machi

Mayai yamerudi. Yale yale, trei zile zile, na dereva yule yule, safari hii anapiga mluzi.

Meneja aliniita ofisini. Kanikaribisha kiti, kaniuliza habari za watoto, ndipo akasema, "Nimefurahi sana umejaribu kutumia nafasi yako. Lakini kuamua si kukurupuka."

"Mama, mayai ni machafu, yana nyufa."

"Yapo mambo ya uhusiano ambayo wewe huyaoni kutoka pale ulipo."

"Mimi naona mayai."

Akatabasamu. Nikaambiwa nikayapokee kwa mkono wangu mwenyewe, "ili ieleweke hakuna ugomvi." Nikayapokea mbele ya watu wote, trei moja baada ya nyingine, na kila mtu akajifanya anatazama pengine. Afadhali wangenitazama.

Jamani, kama hamtaki niamue, niambieni. Miaka sita nilikuwa sina uamuzi na nililala usingizi wangu. Ni nini hiki cha kumpa mtu kijiko kisha kumpiga kofi anapokipeleka mdomoni?

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Sijasema na mtu.

Jumatano, 20 Machi

Limebandikwa tangazo kwenye mlango wa banda la jenereta. Dizeli imepungua kwenye tangi. Labda imeibwa, labda jenereta imeinywa yenyewe, maana umeme unakatika kila wingu linapokohoa. Kuanzia leo ufunguo wa jenereta ni mmoja, atakaa nao Hewala mfukoni, na haiwashwi mpaka Meneja aruhusu kwa simu.

Nilimfuata. "Mama, umeme ukikatika na simu yako isipopatikana?"

"Nitapatikana."

"Na usipopatikana?"

"Wewe una wasiwasi sana," akasema. "Nitapatikana wakati wote."

Jumapili, 24 Machi

Paa la jikoni linavuja. Mume wangu amepanda kuliziba huku mama mkwe akimwelekeza kutoka chini, na yeye hajawahi kupanda paa tangu azaliwe. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu yale mayai.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika mkono bado una harufu ya mashine. Niandike yote, kwa mpangilio, kwa sababu kesho watu wataanza kusema mengine.

Mchana mvua ilishuka na ngurumo, umeme ukakatika. Hilo si jipya. Lakini chumba cha mwisho, cha kuangulia, kilikuwa kimejaa mayai yanayoanguliwa kesho. Mayai ya umri huo si mayai tena. Ni vifaranga waliojikunja ndani ya ganda, wanapumua, kila mmoja anatoa joto lake. Feni zikisimama, joto linapanda na hewa inaisha. Ni sawa na kuwafungia watoto ndani ya gari juani. Si jambo la kusubiri mpaka jioni.

Nilimpigia Meneja. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia kuwa mtu ninayempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nikampigia Tajiri; iliita mpaka ikachoka.

Nikakimbia na mvua mpaka banda la jenereta. Hewala alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni, naye anampigia yule yule.

"Mzee wangu, washa."

"Hapatikani, mwanangu."

"Sikukuuliza habari za simu. Nimesema washa."

"Ruhusa je?"

"Mimi ni kiongozi wa zamu. Nimekuruhusu."

Akaitazama fulana yangu iliyolowa. Hakuitazama kwa dharau. Ingekuwa dharau ningevumilia. Akasema polepole, "Hiyo nimeisoma. Ila karatasi iliyopo mlangoni hapa haikusema wewe."

"Vifaranga wanakufa!"

"Najua."

"Unajua na umekaa?"

Nikapiga magoti kwenye tope, mimi na umri wangu huu. Hakusimama. Nikamshika mkono. Naona aibu kuandika: nilitaka kuuchukua ufunguo kwa nguvu mfukoni mwa mtu aliye sawa na baba yangu. Akaufunika mfuko kwa viganja viwili kama mtoto anayenyang'anywa kipande cha mkate, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Nikamwachia. Nikamwita mwoga. Nikamwita mengine ambayo humu hayaingii.

Tulirudi ndani, tukafungua milango ya mashine na madirisha yote. Mama Pacha na wenzake wakachukua mifuniko ya maboksi, wakawa wanapepea. Wanawake wazima wamejipanga kwenye giza, wanapepea mayai. Nje baridi inakata mifupa, ndani mvuke unatoka kama kwenye sufuria. Tulipepea mpaka mabega yakafa ganzi. Mama Pacha kila mara alirudia, "Vumilieni, wanangu, vumilieni." Sikujua anaongea na sisi au na mayai.

Umeme ulirudi jioni. Baadaye kidogo simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Meneja: "Nilikuwa kwenye mkutano. Kuna tatizo?"

Ijumaa, 29 Machi

Siku ya kuangua, chumba kile huwa kina kelele kama shule wakati wa mapumziko; huwezi kusikia mwenzako. Leo tulipofungua mlango tuliweza kusikia maji yakidondoka kwenye sinki.

Wengi walikuwa wametoboa ganda. Tundu dogo, mdomo umechungulia, umeishia hapo. Mama Pacha alikuwa akiwaokota walio hai kati ya maiti, anawaweka kwenye boksi moja, na lile boksi halikujaa. Tulibeba waliokufa kwa toroli kwenda shimoni. Mvua ilikuwa ikinyesha ndani ya shimo.

Hewala alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimpa mgongo.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeitwa ofisini. Nilidhani naenda kuombwa radhi. Kweli, mimi ni mjinga; nilijitayarisha hata maneno ya kusamehe.

Meneja hakunikaribisha kiti. "Tajiri anataka kujua nani anawajibika kwa hasara hii. Wewe ndiye kiongozi wa zamu."

"Ndiyo."

"Mamlaka ulikuwa nayo."

Nilimtazama nione kama anatania. "Mamlaka gani, mama? Ufunguo ulikuwa mfukoni kwa mwingine, na ruhusa ilikuwa kwenye simu yako iliyozimwa."

"Tulikaa semina nzima kuwaeleza kwamba mna uwezo wa kuamua. Ungeweza kuamua. Hukuamua."

Lo! Nilipokataa mayai machafu niliambiwa nimekurupuka. Niliposubiri ruhusa naambiwa sikuamua. Kumbe mamlaka yangu hukaa stoo kama mwavuli. Siku ya jua hayaonekani, siku ya lawama ndiyo yanafunguliwa yakae juu ya kichwa changu.

Nikamwambia, "Niitie Tajiri. Sitajibu neno lingine mpaka akae hapa na watu wote wawepo, na Hewala awepo." Sauti yangu ilisikika mpaka getini. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba alisimama wima bila kujua kwa nini.

Jumapili, 31 Machi

Nimemwambia mume wangu nitaacha kazi. Alikuwa anakwangua kutu kwenye geti la mteja. Hakunyanyua kichwa. "Umechoka kazi, au umechoka watu?"

"Watu."

"Watu wapo kila mahali."

"Wewe mbona uliacha kule karakana kubwa?"

"Niliacha kwa sababu nilikuwa najua mlango unatakiwa ukae wapi, na kila siku nauweka pasipo pake kwa kuwa nimeambiwa." Akakwangua tena. "Ikifika hapo, acha. Bado haijafika?"

Nilikuwa nawaza juu ya trei za Jumatatu, kwamba maji ya mashine ya tatu yanatakiwa yaangaliwe mapema. Nimekasirika kwamba nilikuwa nawaza hilo. Mtu anakutukana, na wewe unawaza kuhusu maji ya mashine yake. Huu ni upendo wa namna gani?

Jumanne, 2 Aprili

Tajiri amekuja na buti za mvua. Tulikusanyika kwenye stoo ile ile ya semina, safari hii hakuna aliyekaa.

Nilisema yote. Sikulia, ingawa nilijua nitalia, na sikupiga kelele, ingawa nilitaka. Nilisema kuhusu mayai ya shemeji. Nilisema kuhusu tangazo la mlangoni. Nikamaliza kwa kusema, "Tajiri, hatuhitaji kuambiwa kwamba kiwanda ni chetu. Hatukitaki, ni chako. Tunataka tu kile tulichoajiriwa kukifanya tuweze kukifanya."

Meneja akaanza, "Kilichotokea ni kwamba kiongozi wa zamu hakutumia..."

"Ufunguo ulikuwa kwangu."

Tukageuka wote. Sauti ilikuwa ya Hewala, na ilichukua muda kuamini, maana hatukuwahi kuisikia ikianzisha sentensi mbele ya Tajiri.

"Huyu binti aliniambia niwashe," akasema. "Alipiga magoti. Nikamnyima. Si kwamba sikuelewa; nilielewa zaidi yake. Niliogopa." Akamgeukia Tajiri. "Tajiri, unakumbuka nilikuwa fundi mkuu hapa. Mwaka ule wa mafuriko niliwasha jenereta bila kuuliza, nikaokoa chumba kizima. Ukanivua ufundi mkuu kwa dizeli iliyotumika. Ukaniambia mbele ya watu: siku nyingine uulize. Tangu siku ile nauliza."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilimtazama yule mzee niliyemwita mwoga kwenye tope, nikatamani ardhi inimeze. Mtu hazaliwi na hewala mdomoni. Mtu hufundishwa, na mwalimu wake alikuwa amesimama pale na buti zake.

Tajiri hakuomba radhi. Watu wa aina yake hawajui neno hilo linaanza na herufi gani. Alimgeukia Meneja. "Na wewe, simu ulizima ya nini?"

"Ulisema mkutanoni simu zizimwe," Meneja akajibu. Sauti ile nzuri ilikuwa imekauka. "Na ulisema dizeli isiguswe hata tone bila mimi, na mimi bila wewe."

Hapo nikaona ambacho sikuwa nimekiona: hata yeye hakuwa na ruhusa ya kubadilisha balbu. Sikumhurumia. Bado simhurumii. Lakini nilikiona.

Tajiri akatembea hatua chache, akarudi. Nadhani alikuwa anahesabu vifaranga, hakuwa anatuhesabu sisi. Mwishowe akasema ufunguo utundikwe msumarini kwenye banda, umeme ukikatika yeyote aliye kwenye zamu awashe, na karatasi ing'olewe. Kuhusu mayai ya shemeji alisema "tutaona."

Tulipotoka nilimfuata Hewala. Nikashika mkono wake ule ule nilioushika kwa ubaya. "Mzee wangu, nisamehe kwa maneno yangu."

"Uliyosema yalikuwa kweli."

"Hayakuwa yote ya kweli."

"Basi yale ya kweli tu yanatosha," akasema, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 3 Aprili

Nilidhani leo nitabebwa juu juu. Nilipoingia chumba cha maboksi, nilimkuta Mama Pacha ameshika boksi lililochanika pembeni, amesimama nalo tu.

"Mbona umesimama?"

"Nakungoja wewe, dada. Nilitupe au nilitumie?"

"Si linaonekana limechanika? Litupe!"

"Mwezi jana nilitupa moja, ukaniuliza nani kaniambia."

Nikasema sikumbuki. Akaliweka chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. "Dada, jana umesema vizuri sana, nimejivunia. Lakini ulipokuwa unasema, mimi nilikuwa namwona mtu mwingine. Wewe unadai ufunguo juu. Sisi huku chini hata boksi hutuachii. Ukienda kula unarudi mara mbili kutuangalia. Nikipanga vifaranga unakuja kuwapanga tena."

"Nawapanga tena kwa sababu..."

"Kwa sababu gani?"

Nikaondoka. Nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekasirika na Mama Pacha.

Ijumaa, 5 Aprili

Bado. Nimempigania yule mwanamke mbele ya Tajiri, shukrani yake ndiyo hii? Nimemweleza mama mkwe kisa chote nikitegemea aungane nami. Akachambua mboga, akachambua, kisha akasema, "Nyani haoni kundule," akaenda kumwaga maji. Humu ndani nina maadui watupu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua imetulia kidogo. Nimemwambia Mama Pacha mbele ya wenzake: maboksi, upangaji, na kukabidhi kwa wateja, ni yako. Gari gani lipakiwe, gani lisipakiwe, ni wewe. Usiniulize.

"Nikikosea?"

"Utakuwa umekosea."

"Halafu?"

"Halafu tutarekebisha, kesho utaendelea kuamua."

Akanitazama kama mtu anayepimwa nguo na fundi asiyemjua.

Jumatano, 17 Aprili

Kakosea. Maboksi ya mteja mmoja kampa mwingine, na tumeshinda kwenye simu tukituliza watu. Nilimwendea nikiwa nimepandwa na hasira. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa haya: "Kuamua si kukurupuka!"

Nilijisikia mwenyewe. Sauti ilikuwa yangu lakini maneno nilijua nimeyatoa ofisi gani. Mama Pacha aliinamisha kichwa, akasubiri nimnyang'anye. Alikuwa tayari kabisa. Hata mikono alishaikunja.

Nikamuuliza, "Kesho utafanyaje yasichanganyike?"

Akafikiri. "Nitaweka alama ya rangi kwa kila mteja."

"Haya."

Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu mpaka moyo ukashuka. Ni kazi ngumu kuliko kupepea mayai, na sitaki mtu aje kuniambia vinginevyo kwenye semina.

Ijumaa, 19 Aprili

Tajiri ameagiza mayai ya shemeji tena, safari hii akamtuma dereva aje mapema kabla sijafika. Zamu ya alfajiri wakayazuia getini, na dereva akageuza bila kupiga mluzi. Sijui nani alitoa amri. Nimeuliza, kila mtu anasema "sisi." Hewala naye kasema "sisi," huku anatazama juu kama anayesoma mawingu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Mchana gari la mteja wa mbali lilikuja kuchukua vifaranga. Turubai lake limepasuka, na redio imetangaza kwamba barabara ya bondeni imejaa maji. Mama Pacha akazunguka lile gari, akapanda nyuma, akagusa sakafu iliyolowa, akashuka.

"Sipakii," akamwambia mteja.

Mteja, mwanamume mwenye kitambi na haraka, akapaza sauti. Amelipia! Ana mabanda yanangoja! Yeye ni nani wa kumwambia? Akaja mpaka kwangu. "Wewe ndiye mkubwa hapa. Mwambie apakie."

"Maboksi ni yake, kaka. Zungumza naye."

Akampigia Meneja. Baada ya muda mfupi simu ya chumba cha maboksi ikaita. Mama Pacha akaitazama kama mtu aliyeona nyoka, kisha akanitazama mimi. Wote wakanitazama. Naapa, mguu wangu wa kulia ulishanyanyuka. Ningeipokea, ningeyasema yote kwa ufasaha, ningemkinga. Nikakaa juu ya kreti, nikaikalia mikono yangu.

Akaipokea.

"Ndiyo, mama... Ndiyo, nimemwelewa... Hapana, mama." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, si dada aliyekataa. Dada yupo hapa, amekaa tu. Nimekataa mimi... Kwa sababu wakilowa watakufa njiani, na akifika nao wamekufa atarudi kwetu... Kesho asubuhi, maji yakipungua, nitampakia wa kwanza... Ndiyo. Ni mimi. Jina langu unalo."

Kisha akasema, "Asante, mama," na kuweka simu chini. Akashika meza.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema haya."

"Haya tu?"

"Haya tu." Akapangusa jasho la usoni kwa mkono wa fulana, akamgeukia yule mteja aliyekuwa bado amesimama mlangoni amevimba. "Kaka, ingia ndani usilowe. Kuna chai. Na hilo turubai lako, kalishone leo; kesho nitaliangalia tena kabla sijapakia."